Setilaiti Iliyochoka na Mguu Wangu wa Kushoto

Mimi si mtu wa mambo ya juu. Maisha yangu nimeyaishi nikiangalia chini. Nilianza kwenye vichaka vya majani chai, nikichuna katika shamba la wenyewe, shule nimeiacha darasa la tatu. Halafu nikaangalia matope, nikiwa taniboi, yaani utingo, wa kusukuma lori la mtu mwingine. Mwishowe nikaangalia barabara, nikiwa nimekaa nyuma ya steringi ya lori langu mwenyewe, nililolinunua bila kurithi hata panga. Juu nilikuwa naangalia mawingu tu, kwa sababu kwetu huku mvua ya alasiri haikosi, na mvua ikikukuta kwenye mlima wa Kimulot na mzigo wa majani, utajua kama wewe ni dereva au ni mtu aliyeshika steringi tu.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vituo vya majani kule juu karibu na msitu wa Mau, kuchukua magunia yaliyopimwa na karani na kuyapeleka kiwandani. Majani mabichi hayapendi kungoja. Ukiyachelewesha yanapata joto ndani ya gunia, yanageuka mekundu, na kiwanda kinayakataa. Kwa hiyo sikushangaa sana kiwanda kiliposema kila lori liwekwe traka, kile kidude cha kuonyesha gari liko wapi. Kilichonishangaza ni maneno ya fundi aliyekuja kuifunga. Alilala chini ya dashibodi na bisibisi mdomoni, akatoka amejaa vumbi, akaniambia, "Tayari, mzee. Sasa setilaiti inakuona."

"Inaniona hata nikijikuna?"

"Popote ulipo, mzee. Hata msituni." Akacheka, akapanda pikipiki yake akaenda.

Hilo neno ndilo lililonikalia vibaya. Inakuona. Nilifanya kazi miaka mingi na msimamizi mgongoni, mtu mwenye kofia na fimbo, nikaapa siku nikiwa na changu hakuna mtu atakayenisimamia tena. Sasa wakaniwekea msimamizi mbinguni. Siku za kwanza, wacha niseme ukweli, nilikuwa natoa kichwa dirishani naangalia juu, kama mtu anayetafuta nyuki.

Simu zikaanza. Kijana wa ofisi ya magari, sauti nyororo, wala hajawahi kubeba gunia.

"Mzee, lori imesimama hapo kwa mlima."

"Haijasimama. Inasalimia."

"Inasalimia nani, mzee?"

"Mama mkwe."

Nikasikia wenzake wanacheka nyuma yake. "Sawa mzee, lakini jana pia ilisimama hapo. Na juzi."

"Na kesho itasimama. Wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi andika hapo kwa kompyuta yako kwamba huelewi."

Nyumba ya mama mkwe wangu iko kwenye mlima ule wa kutoka Kimulot, katikati kabisa, ua wa michongoma unagusa barabara. Yeye ni mwanamke wa zamani, wa zamani kweli, na bado alasiri anakaa kwenye kibaraza akisikiliza. Lori langu likibadilisha gia kule bondeni anajua ni mimi. Akina mama wanaochuna majani upande wa pili wa bonde walikuwa wananiambia kwamba wao pia hawana haja ya saa, wakisikia lori langu linaguna wanafunga magunia. Nikifika langoni nashuka, naingia uani. Yeye anaweka kikombe cha mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye unga wa mkaa, juu ya kigoda, halafu anarudi nyuma hatua kadhaa. Mimi nakuja nakichukua. Hatushikani mikono. Simwangalii usoni, na yeye hanisemeshi moja kwa moja. Kama ana neno analiambia kuku, au ukuta, nami nasikia. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe kwetu, na mtu anayeona ni mchezo aende akaoe kwingine. Nakunywa, namaliza, naaga. Kupita pale bila kusimama ni sawa na kutangaza kwamba nina ugomvi na binti yake, au kwamba nyumba yao sasa inanuka kwangu.

Basi mimi nilipita.

Mguu ndio ulioanza. Mguu wa kushoto, wa klachi. Ulianza kulala. Si kuuma, afadhali ungeuma. Nilikuwa nakanyaga klachi, halafu sijui kama nimekanyaga au bado. Naangalia chini kuona kiatu changu kiko wapi. Kwenye tambarare mtu anaweza kujidanganya. Lakini kusimamisha lori lenye mzigo katikati ya mlima ule wa matope, halafu kuliondoa tena, kunataka mguu unaosikia. Siku moja niliposimama kwa mama mkwe, wakati wa kuondoka lori lilirudi nyuma. Lilirudi mpaka tairi ya nyuma ikagusa ukingo wa mtaro. Taniboi wangu alikuwa nyuma juu ya magunia. Aliruka chini akaweka jiwe.

Huyo taniboi ni mtu mzima, watoto wake wako sekondari. Alikuja huku kutoka upande wa magharibi kuchuna majani, akaoa, akakaa, akajenga. Tumebeba pamoja miaka mingi, na matusi yetu ni ya kindugu. Siku hiyo hakutukana. Alikuja dirishani akasema pole pole, "Mzee, mguu umelala tena?"

"Mguu gani? Breki ndiyo mbovu."

"Breki nilikaza mwenyewe jana."

"Basi ulikaza kama mtu wa kukaza kuku. Panda twende."

Akapanda. Kesho yake nilipofika kwenye mlima sikusimama. Nilipiga honi tu, nikakaza gia ya pili, nikapita. Kwa pembe ya jicho niliona kigoda kiko mahali pake na kikombe juu yake. Kesho yake tena nikapita. Siku iliyofuata kigoda hakikuwepo.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, kwa sababu habari huku zinatembea haraka kuliko lori. Nikamwambia, "Wamenikataza. Hiyo setilaiti inaniona nikisimama. Ofisi imekasirika." Uongo huo ulinitoka bila kukwaruza. Na kweli ofisi ilinipigia kunipongeza! "Mzee, siku hizi unafanya vizuri sana." Nikasema asante. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata sifa ya bure niliipokea.

Sijui kama watu wanaelewa uchovu wa namna hiyo. Si ule wa kubeba gunia, ambao unalala na kuamka umeisha. Huu ulikuwa wa kuficha. Kila gia ni hesabu, kila mlima ni maombi. Nikifika nyumbani nakaa ndani ya lori muda mrefu kabla ya kushuka, mke anadhani nasikiliza redio.

Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana tukasikia bodaboda langoni. Mama mkwe wangu alikuwa nyuma ya kijana, amefungwa shuka kiunoni na kiunoni mwa dereva ili asianguke, bakora yake imebebwa mbele kama bunduki. Kutoka kule mlimani mpaka kwangu, na matope yale! Nilisimama haraka nikaenda kukaa kiti cha mbali kabisa, karibu na mlango. Alifunguliwa shuka, akaingizwa ndani, akasali. Sala yake ni ndefu hata akiwa na furaha. Siku hiyo alimwombea kila mtu wa nyumba ile isipokuwa mimi.

Alipomaliza akamgeukia mke wangu, akamsalimia kwa lugha yetu. "Chamgei, mama."

"Chamgei mising."

"Nimekuja kuuliza. Umemkosea nini mtu wako?"

"Sijamkosea, mama."

"Basi muulize mimi nimemkosea nini. Maziwa yangu yameharibika?"

Mke wangu akanigeukia, ingawa nilikuwa nasikia kila kitu, mita chache tu. "Mama anauliza kama maziwa yake yameharibika."

"Mwambie mama maziwa ni mazuri. Mwambie ni setilaiti."

"Mama, anasema ni setilaiti."

"Ni mwanamke wa wapi huyo?"

Mke wangu aliuma mdomo asicheke. Mimi nikaeleza, kupitia kwake, kwamba ni chuma kiko angani, kinaniona nikisimama, kinasema kwa ofisi, na ofisi inanigombeza. Mama mkwe alisikiliza kichwa kimeinama.

"Muulize hicho chuma kina mama?"

"Hakina, mama."

"Inaonekana." Akapokea chai. "Mwambie mtu wako akiwa anaogopa chuma kuliko kuniogopa mimi, mimi nitatafuta zile ng'ombe zake, hata kama zimekufa nitatafuta ndama zao, nimrudishie, nimchukue binti yangu nyumbani."

Kumrudishia mtu ng'ombe za mahari ni kuvunja nyumba. Mke wangu na mimi tuna wajukuu. Lakini yule mama hakuwa anatania, na mke wangu aliacha kucheka.

Hapo ndipo binti yetu alipoingia. Bibi yake alikuwa amempigia simu alfajiri, kwa ile simu yake ndogo ya vibonyezo, akamwambia kwamba baba na mama yake wanaachana. Binti huyu ni mpima ardhi, anafanya kazi mbali, anatembea na mtambo wake kwenye mashamba ya watu akitafuta mipaka. Alikuwa ameendesha gari bila kusimama. Alisalimia, akapiga magoti kwa bibi yake, akauliza ni nini. Akaelezwa yote: kikombe, kigoda, honi, setilaiti.

"Lakini baba," akasema, bila ubaya wowote, "setilaiti haikuoni."

"Fundi mwenyewe alisema inaniona."

"Fundi alisema tu. Haina jicho. Kazi yake ni kutangaza saa. Iko juu inasema, mimi niko hapa, na saa ni hii. Inasema hivyo bila kuchoka, kwa kila mtu, haijui nani anasikia. Kile kidude ndani ya lori kinasikiliza setilaiti kadhaa, kinapiga hesabu kijue kiko wapi, halafu kinatuma kwa ofisi kama simu. Setilaiti haikujui, baba. Haijui hata kama kuna Kimulot."

Nje ng'ombe alikohoa. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Muulize basi," akamwambia mke wangu, "ni nani aliyemkataza."

Nilisimama nikatoka. Sikuaga. Nilikwenda kwenye kibanda cha ng'ombe nikashika mlango wake, maana mguu ulikuwa umelala kwa kukaa, na sikutaka mtu aone jinsi ninavyotembea.

Binti akanifuata. Hakuuliza kitu. Ana tabia hiyo tangu mdogo, anakuja anasimama karibu nawe mpaka wewe mwenyewe uchoke na kimya. Akatoa simu, akanionyesha duara lenye vinukta. "Hizi ndizo ziko juu yetu saa hii."

"Zote hizo?"

"Na zingine ziko upande wa pili wa dunia. Unaona hapa, hakuna kitu? Kulikuwa na moja napenda kuitumia. Wiki hii wameitoa kwenye kazi."

"Imefanya nini?"

"Imezeeka tu." Alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa na jirani. "Nilipoanza chuo ilikuwa tayari na umri. Waliitengeneza ifanye kazi miaka michache, ikafanya karibu mara mbili. Ndani ina saa kadhaa. Moja ikifa wanawasha nyingine. Sasa imebaki ya mwisho, nayo inayumba. Yale mabamba ya jua nayo yamechoka, hayaleti umeme kama zamani."

"Na hakuna fundi?"

"Fundi atafikaje huko? Watu wa chini walikuwa wakiisahihisha kwa redio tu. Kila siku wanaiambia, umekosea kidogo, jirekebishe."

"Kama mama yako."

Akacheka. Mimi nikauliza kile nilichokuwa nataka kuuliza. "Sasa ikiondolewa, watu wanapotea njia?"

"Hapana. Zingine zinaziba. Kuna mpya wamepeleka. Mtu wa kawaida hawezi kujua."

Hilo lilinichoma kuliko ng'ombe za mahari. Mtu wa kawaida hawezi kujua. Kitu kimezunguka dunia maisha yake yote kikisema saa, kinaondolewa, na hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye ugali wake.

"Halafu wanaifanyia nini? Wanaiangusha?"

"Iko juu sana, haiwezi kuangushwa kirahisi. Na ikiachwa njiani itasumbua zingine. Kwa hiyo wanatumia mafuta yake ya mwisho kuipandisha juu kidogo, nje ya njia. Wanatoa mafuta yaliyobaki, wanakausha betri isije ikalipuka, wanazima."

"Lori ikiharibika unaisukuma pembeni."

"Ndiyo hivyo, baba."

"Na huko pembeni inafanya nini?"

"Inazunguka tu. Sisi tutakufa tuiache inazunguka."

Nikakasirika. Nilidhani amenizungukia, kama wanavyofanya watoto waliosoma, wanakuletea habari ya mbali ili wakuambie habari yako. Nikamwambia, "Na hicho chuma chako kilipewa nafasi ya kusema? Au mtu alikuja tu akasema mguu wako umekufa, shuka?"

Akanigeukia. "Mguu gani, baba?"

Nikamgeukia ng'ombe.

"Baba, mimi nazungumzia setilaiti. Nani amesema mguu?"

Ng'ombe alitafuna. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, breki, matope, ofisi, na yote niliyaona yamechakaa. Niliyarusha mara nyingi mno. Nikaachilia mlango wa kibanda nikajaribu kutembea mbele yake, nikatembea kama nilivyokuwa natembea nikiwa peke yangu, mguu unaburuta. Hakunishika mkono. Nilimshukuru kwa hilo.

Ndani nilikaa kiti kile kile cha mbali. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama mguu wangu wa kushoto hausikii. Nikisimama kwenye mlima wake siwezi kuondoka. Siku ile lori lilirudi nyuma na mtu alikuwa juu ya magunia. Ndiyo sababu nilipita. Si maziwa. Si wewe. Si chuma."

Mke wangu hakupeleka ujumbe. Alikuwa ananiangalia mimi. Mama yake akamgonga goti kwa bakora. "Umesikia? Mwambie mguu ni mguu, hata mimi ninao miwili mibaya. Lakini aliniacha na kikombe barabarani, watu wanapita wanaona. Mwambie hilo ndilo lililonileta kwa pikipiki."

"Mwambie mama naomba msamaha."

"Mwambie nimesikia. Na mwambie asiendeshe tena." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, akiuambia ukuta, "Angemuua yule mtu wa watu."

Chakula kikaletwa. Kula tukala.

Jumatatu nilimpigia kijana wa ofisi nikamwambia dereva wa lori langu amebadilika. Akaniuliza maswali yake, akaandika, akasema sawa mzee. Hakuuliza kwa nini. Taniboi wangu ana leseni ya magari makubwa tangu zamani. Alikuwa ananisogezea lori uani kwa kiwanda nikienda kunywa chai. Nilimpa funguo. Alizishika akazigeuza geuza kama zina miiba.

"Mzee, kweli?"

"Ukilikwaruza hata kidogo nitakula kuku wako wote."

"Hata wa Krismasi?"

"Na mayai."

Nikazunguka mbele ya lori nikapanda upande wa kushoto. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kukaa kiti hicho. Kilikuwa kimetoboka, na hakuna aliyewahi kuniambia. Kutoka pale unaona mtaro, siyo barabara. Unaona mabonde yote ya majani mpaka yanapogusa msitu, na watu wamesimama kati ya mistari, vikapu mgongoni. Nilibonyeza mguu wa kushoto sakafuni kila alipobadilisha gia. Hakukuwa na kitu pale cha kukanyaga.

Alilisikiliza lori vizuri. Nilitaka kumkosoa kwenye daraja, nikaacha. Tulifika kwenye mlima wa mama mkwe na mzigo kamili, akasimama, akavuta handibreki, akaweka jiwe kabisa ndipo mimi nikashuka. Nilikunywa. Mama mkwe aliuambia ukuta kwamba huyo dereva mpya ni mwembamba, apewe na yeye. Alipewa kikombe chake, akakinywa chote akakunja uso, hajazoea unga wa mkaa. Aliondoa lori pale bila kurudi nyuma hata inchi.

Baada ya hapo sikumbuki. Nimeendesha magari usiku na mchana, na sijawahi kulala ndani ya gari linalotembea, hata mara moja, hata kama abiria. Sikuwa namwamini mtu. Nilipofumbua macho tulikuwa ndani ya kiwanda, injini imezimwa, ndoano za kutundikia magunia kule nyuma ziko tupu. Magunia yote yalikuwa yameshashushwa na kupimwa.

"Umekoroma tangu mlimani," taniboi wangu akasema. Alikuwa ameegemea mlango akitafuna muwa.

"Uongo."

"Uliza karani. Alikuja kukuangalia, akadhani umekufa."

"Mbona hukuniamsha?"

Akatema makapi. "Kukuamsha ufanye nini, mzee?"

Nikafikiri. Kwa kweli hakukuwa na kitu. Nikafunga macho tena.